Hofu ya Sikubali

Bega langu la kushoto lilistaafu miaka miwili kabla yangu. Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya uhimilishaji mtaliona nikiinua mikono kwenye takbira: mmoja unafika sikioni, mwingine unaishia kifuani. Mkiwaambia watu kwamba hayo ni mambo ya ng'ombe watacheka, nanyi waacheni wacheke. Kazi yenyewe ni kuingiza mkono mpaka kwapani katika njia ya haja kubwa ya mnyama ambaye hakukuomba, kuishika shingo ya kizazi kupitia ukuta wa utumbo, na kwa mkono wa pili kuupitisha mrija wa mbegu mpaka mahali pake. Ng'ombe akikaza, bega ndilo linalolipa. Ofisi imeniomba niwaandikie machache ya kuwafaa. Nimeanza na bega kwa sababu kitabu chenu cha mafunzo hakikulitaja. Nimekisoma chote, pamoja na faharasa.

Kwenye vyeti vyenu mmeandikwa wahimilishaji. Pemba mtaitwa watu wa sindano, na ndama wenu wataitwa ng'ombe wa sindano, ingawa hakuna sindano yoyote. Msipoteze muda kusahihisha. Mimi nilipoteza mwaka mzima, na mwisho wake mke wangu mwenyewe alikuwa akitambulishwa arusini kuwa ni mke wa bwana sindano.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Shaame, marehemu sasa, mtu mwembamba aliyekuwa na mikono mirefu kuliko suruali zake. Mimi shule niliiacha mapema. Elimu yangu niliipata kwenye stoo ya ofisi, katika vitabu vilivyoachwa na madaktari wa mifugo waliopita. Vingi vilikuwa vimeliwa na mchwa kuanzia nyuma, kwa hiyo yako magonjwa ambayo mpaka leo nazijua dalili zake zote na sizijui tiba zake. Bwana Shaame hakupenda kusoma kwangu. Nilipomuuliza siku moja ndani ya mbegu mna nini hasa, aliendelea kunawa mikono, kisha akasema, "Siye ni watu wa posta. Barua twaipeleka, hatuisomi."

Ushauri wake mwingine ulikuwa mzuri zaidi. Alinifundisha kwamba ng'ombe aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, si yule anayewapanda wenzake. Ni yule anayesimama akapandwa. Ukimwona asubuhi, mhudumie jioni. Ukimwona jioni, mhudumie asubuhi. Ute ukiwa mwangavu na kuvutika kama wa yai bichi, uko kwenye wakati. Ukiona damu kwenye mkia, umechelewa, rudi nyumbani. Mrija ukitoka kwenye mtungi usiuyeyushe kwapani, hata kama mtaalamu kutoka Bara atakuonyesha kwamba inawezekana. Tumia maji ya uvuguvugu, na uufiche na jua.

Haya yote ni mepesi. Kinachowashinda watu ni wenye ng'ombe. Chokocho kulikuwa na bwana mmoja ambaye ng'ombe wake alipata joto Jumatano. Akaona ni vizuri zaidi anisubiri Ijumaa, kwa baraka. Nilifika Ijumaa baada ya sala, nimevaa kanzu chini ya koti la kazi, nikamkuta ng'ombe ametulia anacheua, hana habari na mtu. Nilimweleza yule bwana kwamba baraka ipo, lakini yai limeshapita. Akanijibu kwamba nilitakiwa kuja na dume wa Ijumaa.

Na mtungi nao una visa vyake. Mbegu huishi ndani ya naitrojeni ya maji, baridi isiyo na mfano hapa kwetu, na ukifungua kifuniko hutoka moshi mweupe unaomwagika chini badala ya kupanda. Nikivuka kwenda Makoongwe nilikuwa nakaa mwisho wa mashua, kwa amri ya abiria. Mama mmoja alisoma Ayatul Kursiyu safari nzima huku akinitazama usoni. Tulipofika, mvuvi mmoja aliniuliza kwa upole kama barafu ile inatosha kuhifadhia samaki wake, changu wawili, mpaka Mkoani.

Lakini swali nililoulizwa kuliko yote, kutoka kusini mpaka kaskazini, halikuhusu moshi wala baridi. Nilikuwa nikiutoa mrija, mwembamba kuliko njiti ya ufagio, na mwenye ng'ombe anauangalia na kuuliza: dume huyu ana tabia gani? Nikimjibu kwamba mama yake alitoa maziwa mengi, hakuridhika. Alitaka kujua kama ni mkali. Kama aliwahi kupigwa. Kama aliwahi kukimbia.

Niwaelezeni kwa nini, maana baadhi yenu mmekulia mjini. Kwetu, kiangazi, watu hucheza ng'ombe. Dume hufungwa kamba ndefu uwanjani, zumari hupigwa, wanawake huimba, na vijana humchokoza kwa nguo mpaka awafukuze. Dume anayesimama imara ana jina, na mwenye dume ana jina, na mtaa mzima una jina. Anayekimbia naye ana jina lake. Katika kitongoji kimoja cha upande wa Msuka walikuwa na desturi ambayo sikuikuta kwingine: dume aliyekimbia uwanjani hufungiwa msimu mzima asipande jike yeyote. Walisema hofu imemwingia mgongoni, na kitakachotoka mgongoni kitatoka na hofu hiyo. Ndama akizaliwa kwa bahati mbaya na dume wa namna hiyo, hakai pale kitongojini. Hupelekwa kwa mchinjaji kabla hajaacha kunyonya, watani wa mtaa wa pili wasije wakapata la kusema.

Na hapo ndipo nilipokutana na Sikubali.

Sikubali alikuwa dume wa Mzee Kombo, mweusi, kifua kama mlango wa msikiti. Misimu kadhaa hakuna kijana aliyemgusa pembe. Mzee Kombo alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa mfukizaji wa kitongoji: kabla ya mchezo madume yote yalipitishwa kwenye moshi wa ubani na majani anayoyajua yeye. Walisema dume aliyefukizwa hasikii harufu ya kitu isipokuwa ugomvi.

Siku moja ya kaskazi, watu wamejaa, zumari imeanza tu kupamba moto, Sikubali akanyanyua kichwa, akakata kamba, akawapita wachokozi kama hawapo, akapita katikati ya wanawake na masufuria yao, akaikanyaga zumari ya Makame, mpigaji wa kitongoji, iliyomdondoka mkononi, akapotea kwenye mihogo. Walimkuta jioni kwenye matope ya mikoko, amezama mpaka magotini. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi kisimani wakaleta habari ya ziada: njiani, kule bondeni, alikuwa amempanda ng'ombe wa Bi Time.

Kwa muda mrefu baada ya hapo watoto wa mtaa wa pili walikuwa wakipita barabarani wakisema kwa sauti moja: Sikubali kakubali.

Bi Time alikuwa mama wa makamo, amefiwa na mume, anakaa kwenye eka tatu alizopewa baba yake baada ya Mapinduzi, pamoja na wajukuu watatu ambao mama yao alikuwa Mombasa na salamu zake zilikuwa zikija mara kwa mara, salamu tu. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa kienyeji, Zabibu. Kutokana na Zabibu alipata maziwa, kutokana na maziwa alipata mtindi, na kutokana na mtindi wale watoto walipata karibu kila walichovaa. Nilimjua kwa sababu nilikwisha kumhudumia Zabibu mara mbili na mara mbili mimba haikushika. Mara ya kwanza sijui kwa nini. Mara ya pili najua: naitrojeni ililetwa kwa meli kutoka Unguja, na meli ilikuja ilipotaka. Mbegu zilikuwa zimekufa ndani ya mtungi, nami nilikuwa nikizunguka kaskazini nzima ya Pemba nikiwapelekea watu barua zilizoungua.

Miezi mitatu hivi baada ya mchezo ule, Bi Time aliniita nimpime Zabibu. Mimba changa hupimwa kwa mkono ule ule. Ya miezi miwili pembe ya kizazi huwa kama chungwa. Ya mitatu inakaribia dafu changa na huanza kuning'inia. Hii ilikuwa inaning'inia. Nikamwambia hongera, ni mimba ya siku ile ile ya mchezo.

Nilipokuwa nanawa, akili yangu iliendelea kufanya kazi bila kuniomba ruhusa. Kama mimba ni ya siku ile, basi siku ile Zabibu alikuwa kwenye joto. Jike aliye kwenye joto dume humsikia harufu kutoka mbali, upepo ukisaidia. Upepo wa kaskazi hutoka upande wa juu, kwenye kilima cha Bi Time, na huteremka moja kwa moja uwanjani. Lakini Zabibu hakufungwa kilimani siku zote, alifungwa bondeni nyuma ya nyumba, penye majani. Juu hapakuwa na majani hata ya mbuzi. Nikatazama kilimani. Kulikuwa na mfenesi mmoja, na gome lake lilikuwa limechubuliwa na kamba, kwenye kimo cha shingo ya ng'ombe.

Nikamuuliza Bi Time ng'ombe wake alikwenda kule kutafuta nini.

Alikuwa anachekecha unga. Hakuacha. "Niulize mambo ya ng'ombe, baba," alisema. "Ya mfenesi yaache."

Nikamwambia mambo ya ng'ombe ndiyo hayo. Akachekecha kidogo tena, kisha akanihadithia, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Alikuwa amechoka kungoja meli. Dume mzuri pale kitongojini alikuwa mmoja, na mwenyewe ni Kombo. Naye Kombo alikwisha kupeleka posa kwake mara mbili, na mara mbili alirudishwa. "Sasa miye nende nikamwombe dume lake?" aliniuliza. "Kumwomba Kombo dume ni kumwomba Kombo." Asubuhi ya mchezo Zabibu aliamka analia, ute unavutika. Akampandisha kilimani akamfunga kwenye mfenesi na kumwachia Mungu na upepo. Moshi wa ubani, alisema, hakuuamini hata kidogo. Alikuwa na mume miaka ishirini aliyejifukiza kila Ijumaa, na bado alisikia harufu ya pweza kutoka njia panda.

Hakutarajia kwamba dume atavunja mchezo mzima. Alidhani atakuja jioni, kimyakimya, kama mtu mwenye adabu. Watu walipoanza kupiga kelele alimfungua Zabibu akakimbia naye bondeni, dume nyuma yao, na kwa haraka ile akaisahau kamba mtini. Usiku hakulala. Kamba ile mtaa mzima uliijua, ameisuka mwenyewe kwa makumbi ya nazi na uzi mwekundu. Alfajiri akaenda kuichukua, haipo. Akarudi nyumbani, akaikuta imetundikwa ukutani nyuma ya jiko.

"Imekunjwa vizuri," alisema, "ila sivyo nikunjavyo miye."

Nilimuuliza nani aliileta. Akasema hajui, labda mjukuu, labda shetani wa mfenesi. Nikaitazama, ilikuwa bado palepale ukutani, imekunjwa kwa umbo la nane, mkunjo juu ya mkunjo. Nikaona ni kamba. Mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo kwa hadubini, vikubwa humpita.

Zabibu akazaa salama, ndama dume, mweusi, kifua tayari. Na wiki haijaisha Makame mpiga zumari akaitisha barza baada ya sala ya alasiri, kwamba ndama wa hofu amezaliwa na desturi ifuatwe. Makame hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na zumari mpya isiyotoa sauti kama ya zamani, na kila alipoipuliza alimkumbuka Sikubali.

Niwakumbushe hapa jambo la kitaalamu, maana litawafaa. Ng'ombe wa kienyeji si kama yule wa kizungu wa kwenye picha. Bila ndama wake pembeni haachii maziwa. Utamkamua mpaka vidole vife ganzi, atakutazama tu. Kumpeleka ndama yule kwa mchinjaji kulikuwa ni kuufunga mtindi wa Bi Time, na Bi Time alilijua hilo, na Makame alilijua, na alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba mtaa utamchangia maziwa ya kopo.

Bi Time alituma mjukuu kuniita. Nilipofika alinivuta upenuni na kuniambia maneno machache. Nikisema ukweli, ndama atapona, maana hapakuwa na hofu yoyote, palikuwa na jike kwenye joto. Lakini yeye atakuwa mwanamke aliyevunja mchezo wa mtaa mzima kwa sababu ya kumtega dume la mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimkataa, na hilo litaimbwa mpaka wajukuu wake wazeeke. "Weye msomi," alisema. "Tafuta jengine."

Kwa hiyo nikaingia barzani nikiwa na jibu sahihi mfukoni, na nikatoa jingine.

Niliwaambia kwamba kinachomfika dume maishani hakiingii kwenye mbegu. Mbegu hubeba jeni, na jeni hazijui habari za uwanjani. Dume aliyevunjika pembe huzaa ndama wenye pembe. Aliyekatwa mkia huzaa wenye mkia. Wakanitazama bila kusogea. Nikaona nimetumia mifano ya mbali, nikawaletea wa karibu. "Wazee wangu, sisi tumetahiriwa baba kwa babu, vizazi havihesabiki," nikasema. "Mbona ngariba hajakosa kazi?"

Barza nzima ilicheka, hata sheha, ambaye kwa cheo chake hucheka mara chache. Nikadhani nimemaliza. Makame akangoja kicheko kipoe.

"Govi halina roho, yakhe," alisema. "Hofu ina roho. Ya mwilini yabaki mwilini. Sie twazungumza ya ndani."

Niwaambie wazi, kwa kiwango cha elimu niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa hoja ya kipuuzi, na bado ilinishinda. Nilianza kusema habari za maabara, na nikaona nyuso zinaondoka moja moja. Bi Time alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wengine, ushungi umemfunika nusu ya uso.

Ndipo Mzee Kombo alipokohoa. Alikuwa amekaa mwisho wa barza muda wote, anatazama viatu vyake. "Mtaalamu kasema," alisema. "Dume ni langu na aibu ni yangu. Ndama hana aibu. Mwacheni anyonye."

Alikuwa ndiye mwenye haki ya kudai desturi, maana jina lililochafuka ni lake. Akishaiacha yeye, hakuna aliyebaki wa kuishika. Makame aliifunga zumari kwenye kitambaa chake akaenda zake. Ndama yule Bi Time alimwita Mtaalamu, kwa heshima yangu, akasema. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa nilipita Msuka nikisikia watoto wakipiga kelele kwamba Mtaalamu kaingia kwenye mpunga, Mtaalamu kala kanga ya mtu.

Sasa nafika sehemu ambayo bwana mmoja ofisini alinishauri niiache, kwamba itawachanganya. Nadhani kijana anayeweza kupata shingo ya kizazi gizani kwa vidole vitatu hawezi kuchanganywa na hili.

Miaka mingi baadaye, simu za mtandao zilipofika, nilianza tena kusoma, kwa Kiingereza, kamusi pembeni. Nikakuta kwamba mambo yamesogea. Kromosomu, mnavyojua, ni uzi mrefu wenye jeni. Lakini uzi ule haukai hovyo. Umezungushwa kwenye vijidonge vya protini, kama uzi wa kushonea kwenye kijiti chake, na una alama ndogo ndogo juu yake. Palipokazwa hapasomeki, palipolegezwa panasomeka. Maandishi ni yale yale, mkunjo ndio unaobadilika, na maisha ya mnyama, njaa, sumu, maradhi, yanaweza kuubadilisha mkunjo huo. Elimu hiyo inaitwa epijenetiki. Katika mbegu ya dume uzi hupakiwa kwa nguvu, kama karafuu zinazoshindiliwa kwenye gunia. Vijidonge vingi hutolewa na protini nyingine huwekwa mahali pake. Sisi tulifundishwa kwamba hapo kila alama ya maisha ya baba hufutwa, na kilichobaki hufutwa tena mimba inapoanza. Sasa wanasema karibu kila alama. Vijidonge vichache hubaki, na alama zake, na baadhi hufika upande wa pili. Kwa minyoo wadogo wa maabara jambo hilo limeonekana vizuri. Kwa panya bado wanabishana. Kwa ng'ombe ushahidi ni mwembamba, na kuhusu hofu ya zumari hakuna ushahidi wowote, nimetafuta.

Kwa hiyo hotuba yangu ya barzani ilikuwa nusu kweli. Mfano wa ngariba ulikuwa sahihi kwa ngariba. Lakini Makame, aliposema kwamba ya mwilini na ya ndani si mamoja, alikuwa amesimama karibu na mlango ambao mimi sikujua kwamba upo. Nilikwenda kumwambia. Alikuwa amezeeka na meno ya kupigia zumari hana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama basi ndama angechinjwa. Nikasema hapana. Akasema, "Sasa umekuja kunambia nini?"

Na Mtaalamu mwenyewe? Msimu wake wa kwanza uwanjani alisimama kama nguzo, akafukuza vijana mpaka juu ya miembe. Watu wakasema sayansi imeshinda. Msimu wa pili, katikati ya mchezo, akageuka akakimbia. Watu wakaja kwangu kuuliza sayansi inasemaje. Nikauliza upepo ulikuwa unatoka wapi na jike wa nani alikuwa kwenye joto. Walitafuta kitongoji kizima, hawakumpata. Labda alikuwepo na mwenyewe alinyamaza, nimeshaona hilo likitokea. Labda alichoka tu. Ndama mmoja hathibitishi kitu, na mtu akiwaletea ndama mmoja kama ushahidi, wa hofu au wa sayansi, mpeni chai mumshukuru.

Bi Time alifariki mwaka niliostaafu. Majina haya yote si ya wenyewe, na wenyewe hawapo tena duniani isipokuwa mmoja, ambaye amenipa ruhusa kwa kuitikia kwa kichwa. Nilikwenda kwenye hitima ya Bi Time. Baada ya dua wanaume walikaa nje, na mimi na Mzee Kombo, fimbo mkononi, tulikwenda nyuma ya nyumba kumtazama ng'ombe wa sasa, mjukuu wa Zabibu, kwa kuwa watu wa ng'ombe msibani hawana pa kwenda pengine. Alikuwa kwenye joto. Alikuwa anahangaika na kamba yake imechakaa inakaribia kukatika.

Mjukuu mkubwa wa Bi Time, sasa mama wa watoto, alitoka jikoni akanyoosha mkono ukutani. Kamba ya makumbi yenye uzi mwekundu ilikuwa palepale, imekunjwa kwa umbo la nane, mkunjo juu ya mkunjo, imeshika masizi ya miaka yote ile. Akasita. Alisema bibi yao alikuwa hawaruhusu kuigusa. Aliwapiga watoto kwa ajili ya kamba ile, na kila mara ng'ombe alipohitaji kamba alisuka nyingine mpya kuliko kuikunjua hiyo.

Kisha akaishusha, kwa kuwa ng'ombe alikuwa anakata kamba.

Mzee Kombo aliipokea kutoka mkononi mwake. Nilidhani ataikunjua. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mikunjo ile, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekagua kazi yake mwenyewe. Kamba za mchezo hukunjwa hivyo, umbo la nane, zisije zikafanya fundo zinapotupwa uwanjani. Kila mtu wa ng'ombe Msuka analijua hilo. Bi Time alilijua. Mimi nilikuwa nimeitazama kamba hiyo kwa macho yangu na nikaona kamba, kisha nikaenda barzani kuwasomesha jeni watu wawili ambao kila mmoja alilijua jibu, na kila mmoja alikaa kimya kwa ajili ya mwenzake, na mmoja wao akanisaidia nilipokwama.

Nikamwambia, polepole, kwamba Sikubali hakukimbia zumari.

"Dume langu miye simjui?" alisema. "Marehemu angeniomba ningempelekea mwenyewe." Akajipangusa masizi kidole gumba. "Lakini asingeomba."

Aliirudisha kamba ukutani, akahakikisha imekaa sawa kwenye msumari. Akamgeukia yule mjukuu.

"Hino iacheni kama ilivyo," alisema. "Ng'ombe mfungeni kwa nyengine."